Fizi: Lavanda ya nyumbani inaomba udongo usiotuama maji na miaka mitatu fasi moja

BARAKA – Wakaaji wengi wa Fizi wanaijua lavanda kwa pua kuliko kwa macho. Jina lake limeandikwa kwenye karatasi za sabuni na kwenye chupa za dawa ya kusafishia nyumba, na mara nyingi harufu hiyo imetengenezwa kiwandani bila ua hata moja ndani yake. Mmea wenyewe ni kitu kingine: kichaka kifupi cha kufika magotini, majani membamba ya rangi ya kijivu, na maua ya zambarau yanayosimama juu ya vijiti. Je, unaweza kuota kwetu? Unaweza, ingawa si kila fasi. Lakini kwa watu wa Bibokoboko swali hilo lina upande wa pili ambao vitabu vya bustani vya Ulaya haviuandiki.

Bibokoboko iko milimani, juu ya mji wa Baraka. Mwezi wa kumi 2021 vijiji vyake vilishambuliwa, nyumba zikachomwa, na familia nyingi zikashuka Baraka kuishi kama madeplase. Mtu aliyeondoka namna hiyo anaweza kubeba sufuria, nguo na mtoto. Bustani inabaki. Ndiyo maana makala hii inazungumza juu ya lavanda kwa kutazama mahali pawili: mlimani, ambako hali ya hewa inaifaa zaidi, na kando ya ziwa, ambako watu wengi wako sasa.

Kwao lavanda ni milima inayozunguka bahari ya Mediterania, kama ile ya kusini mwa Ufaransa. Huko udongo ni wa mawe na chokaa, jua ni kali, majira ya joto ni makavu kabisa, na majira ya baridi ni baridi kweli. Ukiweka picha hiyo karibu na Baraka, unaona tofauti mara moja. Baraka iko kandokando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi juu ya bahari. Joto halipumziki hata usiku, na hewa imejaa unyevu. Ukipanda mlima, kila mita 1000 joto linapungua kwa digrii kama 6. Kwa hiyo milima ya Bibokoboko inashinda kwa ubaridi. Lakini nayo ina shida yake: ukungu, mvua kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi hadi wa tano, na udongo wenye uchachu. Anayepanda chini atapigana na joto, anayepanda juu atapigana na maji.

Aina nayo inahesabika. Lavanda inayosifiwa sana, ile ambayo Wafaransa wanaiita ya kweli, Lavandula angustifolia, inataka majuma ya baridi ili itoe maua vizuri. Ukiipanda Baraka unaweza kupata majani ya kijivu mwaka mzima na maua machache tu, au hakuna. Nyingine, Lavandula dentata, ina majani yenye meno madogo pembeni kama msumeno. Haidai baridi kali, inavumilia joto na unyevu kuliko dada yake, na inaweza kuchanua mara nyingi kwa mwaka. Harufu yake si tamu sana, inaelekea kwenye kafuri. Kwa maoni yangu, kwa bustani ya Fizi hiyo ndiyo ya kutafuta, hata kama picha kwenye pakiti ya mbegu inaonyesha mashamba ya ile nyingine.

Udongo ndio kazi yenyewe

Lavanda haifi haraka kwa kiu. Inakufa kwa kulowa. Mizizi ikikaa ndani ya maji, kuvu wa udongoni wanaiozesha, na dalili ya kwanza inadanganya: majani yanalegea kama ya mmea wenye kiu. Mwenye bustani anakimbilia bidoni, anaongeza maji, na baada ya siku chache kichaka kimeisha.

Kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, acha yanywewe, kisha lijaze tena. Kama baada ya masaa manne maji ya pili bado yamo, usipande hapo kwenye usawa wa ardhi. Inua tuta la sentimita 30 au 40, kama lile la viazi vitamu, na uchanganye udongo na mchanga wa mto na vijiwe vidogo mpaka ukiushika mkononi haushikamani. Sehemu moja ya mchanga kwa sehemu mbili za udongo inatosha kwa udongo mwepesi. Kwa udongo wa mfinyanzi, fanya nusu kwa nusu. Mlimani mteremko unasaidia, kwa kuwa maji yanajiondokea yenyewe. Katika mitaa ya Baraka iliyo karibu na ziwa, ambako maji yamepanda sana miaka hii ya nyuma na kuingia hata kwenye nyumba, tuta peke yake halitoshi. Huko ni chombo tu, na tutafika kwenye chombo.

Uchachu wa udongo wa mlimani unatengenezwa na kitu kilicho katika kila jiko: majivu. Konzi moja au mbili za majivu makavu ya kuni kwa kila shimo, yakachanganywa vizuri na udongo juma moja au mawili kabla ya kupanda, yanapunguza uchachu. Yasiguse shina. Baada ya hapo, konzi moja kwa mwaka inatosha.

Kuna jambo moja ambalo watu wenye ng'ombe watalipokea kwa shida: mbolea. Mtu aliyezoea kuona mahindi na maharagi yakinenepa kwa samadi atataka kuifanyia lavanda wema uleule. Asifanye hivyo. Kwenye udongo wenye mafuta mengi kichaka kinakimbia juu, kinakuwa laini, kinaanguka katikati, na harufu inapungua. Samadi iliyooza vizuri, kiganja kimoja wakati wa kupanda, basi.

Halafu jua: masaa sita kwa siku, au zaidi. Chini ya mwembe au mchikichi haitafanya kitu. Na nafasi: sentimita 60 hadi 90 kati ya kichaka na kichaka, ili upepo upite ukaushe majani baada ya mvua. Ulaya wanaisogeza karibu zaidi, lakini kwetu hewa yenyewe imelowa, na vichaka vinavyogusana vinaanza kuoza katikati.

Omba tawi, usisubiri mbegu

Mbegu ya lavanda ni ya mtu mwenye subira kubwa. Inaweza kukaa mwezi mzima bila kuonyesha kitu, na ile ya angustifolia mara nyingi inataka kwanza kukaa kwenye baridi majuma kadhaa. Mbegu nyingi za pakiti hazioti, na zinazoota hazifanani na mama yao. Njia ya haraka ni tawi. Ukijua mtu mwenye kichaka, kwenye parokia, kwenye shule au kwa jirani, omba matawi matano. Yeye hapotezi kitu. Kukatwa kunakifaa kichaka.

Chagua tawi lisilo na ua, laini kwenye ncha na gumu kidogo chini. Likate sentimita 8 hadi 10. Ondoa majani ya nusu ya chini, acha ya juu. Lichomeke kwenye mchanga uliolowana kidogo, ndani ya kopo lililotobolewa chini, na uliweke kwenye kivuli chenye mwanga. Watu wengine wanafunika kwa sashe ya plastiki. Kwenye joto la Baraka kufunika hivyo kunaleta kuvu, na ni afadhali kuacha wazi na kunyunyizia maji asubuhi. Baada ya majuma matatu hadi sita, vuta taratibu. Likikataa kutoka, limeshika mizizi. Kati ya matano, ukipata matatu umefanya vizuri.

Wakati mzuri wa kuanza matawi ni mwezi wa tatu au wa nne, ili mmea uingie udongoni mwezi wa tano, mvua inapoelekea kuisha. Hapo mizizi inashuka kwenye udongo wenye unyevu bila kuzamishwa na mvua kubwa. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, mmea mpya unapewa maji mara mbili kwa juma kwa mwezi wa kwanza, kisha mara moja. Ingiza kidole: kama ngazi mbili za kidole ni kavu, mwagia, kama bado kuna ubichi, uache. Kichaka cha mwaka mmoja na zaidi kinaweza kukaa majuma mawili bila maji hata kiangazi, jambo ambalo mama anayebeba bidoni ya lita 20 kichwani kutoka kwenye chemchemi atalifurahia.

Kukata ndiko kunakotofautisha kichaka cha miaka kumi na kile cha miaka mitatu. Maua yakiisha, ondoa vijiti vyote vya maua pamoja na theluthi moja ya sehemu yenye majani, ukiacha umbo la duara kama mgongo wa kobe. Mpaka wa kisu ni pale kijani kinapoishia. Mti wa kahawia usio na majani ukikatwa, mara nyingi hauchipui tena, na upande huo unabaki kama kuni kavu. Aliyekiacha kichaka miaka mitatu bila kukata hawezi kukirudisha kwa siku moja. Ni heri achukue matawi na kuanza upya.

Maua ya kukausha yanachumwa asubuhi umande ukishakauka, wakati karibu nusu ya vijiua vimefunguka. Funga mafungu madogo, yaning'inize kichwa chini ndani ya nyumba, fasi yenye giza na upepo, si juu ya moshi wa jiko. Majuma mawili mpaka manne, yamekuwa makavu. Ndani ya kifuko cha kitambaa, kati ya nguo au mablanketi, harufu inakaa miezi mingi na kusaidia kuzuia nondo.

Mbu na pesa

Mambo mawili yanasemwa juu ya lavanda ambayo yanahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu yanagusa afya na mfuko.

La kwanza ni mbu. Ni kweli mafuta ya lavanda yakipakwa kwenye ngozi yanaweza kumsumbua mbu kwa muda mfupi. Kichaka kilichosimama mlangoni hakifanyi hivyo. Harufu inatoka majani yakisuguliwa tu. Katika eneo kama Fizi, ambako malaria ni kati ya magonjwa yanayojaza vituo vya afya, mtu asiondoe chandarua kwa sababu amepanda lavanda. Na mafuta hayo hayanywewi, wala mtoto mchanga hapakwi. Kivu inao mmea ambao kweli umepigana na malaria, ule mkwinini, ambao magome yake kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimeyatumia miaka mingi kutengeneza kinini. Lavanda haimo katika jamaa hiyo.

La pili ni biashara. Kupata lita moja ya mafuta ya lavanda ya kweli kunahitaji zaidi ya kilo 100 za maua, chombo cha kuchemshia kwa mvuke, na mnunuzi anayekubali ubora wake. Rwanda kampuni ya Ikirezi imejenga kazi ya namna hiyo juu ya jeraniamu, ikilimwa na wakulima wadogo wakiwemo wajane, na mafuta yakauzwa nje ya nchi. Lakini huko kichemshio kiko karibu na shamba na barabara inapitika. Anayeijua barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Baraka wakati wa mvua hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa sasa kichaka cha lavanda Fizi ni cha nyumba: nguo, nyuki, vifungu vichache vya kuuza kwa jirani, na kupendeza macho. Nyuki wanaipenda sana, na mwenye mizinga atafaidika kuliko mwenye ndoto ya mafuta.

Miaka mitatu ni mingi kwa aliyekimbia

Sasa tufike pale pagumu. Lengalenga unaila baada ya mwezi mmoja. Maharagi, miezi mitatu. Lavanda mwaka wa kwanza ni kijiti, mwaka wa pili inaanza kuonyesha maua, mwaka wa tatu ndiyo imejaa. Kwa mtu aliye kwenye parseli ya mwingine, chini ya bashi, bila kujua kama mwaka ujao atakuwa Baraka, Bujumbura au amerudi mlimani, hesabu hiyo ni ndefu.

Na si muda peke yake. Kwenye sehemu kubwa ya Kivu, mmea unaodumu ni maneno juu ya ardhi. Tangu sheria ya mwaka 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, lakini vijijini ni mila inayoamua nani analima wapi, na mila inatofautisha wazi mazao ya msimu na mazao ya miaka. Huko Bushi, mtu aliyepewa shamba kwa mkataba wa muda unaoitwa bwasa analima maharagi au mihogo; kahawa, migomba au miti haruhusiwi, kwa sababu anayepanda vitu hivyo anaanza kuonekana kama mwenyewe. Kila eneo lina maneno yake, ila wazo hilo linaeleweka pia kwenye parseli za Baraka. Deplase anayechomeka kichaka cha miaka kumi pembeni ya nyumba aliyokopeshwa anaweza kuleta maneno bila kutaka.

Inaonekana kama jambo dogo, kichaka cha maua. Lakini katika Fizi watu wamegombana na hata kuuana kwa sababu ya ng'ombe walioingia shambani na shamba lililofunga njia ya ng'ombe, na hakuna anayepaswa kushangaa kama mwenye parseli anauliza: unapanda hiki kwa nini? Kuomba ruhusa kabla, mbele ya jirani mmoja au wawili, kunagharimu dakika kumi. Kusema wazi pia kwamba kichaka kitang'olewa siku ya kuondoka, au kitabaki kwa mwenye parseli, kunaondoa shaka. Wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda na Mulongwe, humu humu Fizi, wanaishi na swali hilohilo juu ya ardhi waliyopewa kutumia.

Njia nyingine ni kutougusa udongo wa mtu kabisa. Bidoni ya lita 20 iliyopasuka, ambayo haifai tena kwa maji, ikikatwa katikati inatoa vyombo viwili. Toboa mashimo sita au manane chini, ya ukubwa wa kidole kidogo. Weka vijiwe vya sentimita tano, kisha mchanganyiko wa nusu udongo nusu mchanga na konzi ndogo ya majivu. Kiinue juu ya mawe matatu ili maji yatoke. Lavanda itakaa humo miaka miwili au mitatu, ikibaki ndogo kuliko ya shambani, na itataka maji mara nyingi kidogo kwa sababu chombo kinakauka upesi. Mvua kubwa ikinyesha, inasogezwa chini ya paa. Mbuzi na ng'ombe kwa kawaida hawaipendi kwa sababu ya harufu. Kuku ndio adui, wanachimba mizizi, na mawe machache juu ya udongo yanawazuia.

Kuna pia mmea ambao watu wa milimani hawahitaji kufundishwa na mtu. Umuravumba, Tetradenia riparia kwa wataalamu, ni wa jamaa moja na lavanda, ile jamaa ya minti, pamoja na lumba-lumba. Umepandwa kwenye nyua za Rwanda, Burundi na milima ya Kivu tangu zamani, na wazee wanautumia kwa kikohozi, homa na tumbo. Miaka ya 1980 watafiti waliofanya kazi Butare, Rwanda, walitoa ndani ya majani yake kitu kinachopigana na vijidudu. Hii haimaanishi kuacha kwenda hospitali. Inaonyesha tu kwamba mtu anayetafuta mmea wa harufu kwa ua wake hana lazima ya kuanzia Ufaransa. Tawi la umuravumba linashika upesi kuliko la lavanda, linazoea mvua zetu, na kichaka kinafika kimo cha mtu.

Katika parseli moja vyote viwili vinaweza kukaa bila kugombana: umuravumba kwenye ua kama mwenye parseli amekubali, lavanda kwenye nusu ya bidoni karibu na mlango, upande wa jua la asubuhi.

Kama siku ya kupanda mlima itafika, bidoni nzima ni mzito kwa mguu wa njia ile. Si lazima kuibeba. Kata matawi kumi asubuhi na mapema, ondoa majani ya chini, yafunge kwenye kitambaa kilicholowana, tia ndani ya sashe bila kuifunga kabisa, na uweke mbali na jua. Yatavumilia siku mbili mpaka tatu za safari. Ukifika, jambo la kwanza ni mchanga na kivuli. Shimo na majivu vinaweza kusubiri mpaka mizizi itoke.